Lori Linalogonga Mbele na Kuyumba: Kuitafuta Kasoro Kabla ya Kununua Spea

Kasoro mbili za sehemu ya mbele ya lori, yaani sauti ya kugonga inayosikika chini ya kabini na usukani unaomlazimisha dereva kurekebisha mwelekeo kila mara ili gari libaki katika njia yake, huja pamoja mara nyingi kiasi kwamba madereva wengi huzichukulia kuwa ni ugonjwa mmoja, ingawa kila moja inaweza kuwepo bila ya nyingine na kila moja ina vyanzo vyake. Katika kata ya Kurasini, wilayani Temeke, ambako malori ya makontena na ya mafuta hukusanyika kwa sababu ya Bandari ya Dar es Salaam, gati la mafuta na yadi zilizoizunguka, kasoro hizi ni za kila siku na sababu zake si za kutafutwa mbali. Lori hukaa foleni kwa muda mrefu likiwa limebeba mzigo, hupita kwenye mashimo ya njia za yadi, hupigwa na hewa ya chumvi inayoharakisha kutu, kisha likishamaliza Barabara ya Mandela na kuingia Barabara ya Morogoro hutarajiwa kwenda zaidi ya kilomita 900 hadi Tunduma, likipanda matuta ya hifadhi ya Mikumi na baadaye mlima wa Kitonga, bila mtu kuingia chini yake na kulikagua.

Gharama kubwa ya kasoro hizi hutokana na desturi ya kubadilisha vifaa kwa kubahatisha. Dereva hulalamika kwamba gari linayumba, fundi hutaja tairodi endi kwa sababu ndicho kifaa kinachopatikana kwa urahisi Gerezani na Kariakoo, kifaa hununuliwa na kufungwa, na lori hurudi baada ya safari moja likiwa na lalamiko lilelile. Ndipo zamu ya shokapu hufika, kisha ya boksi ya usukani, kila kimoja kwa bei yake, huku bushi iliyolika ikiendelea kugonga mahali ilipo. Uchunguzi unaofaa hufuata mwendo wenyewe: usukani unapogeuzwa, mwendo huo hupita kiungo baada ya kiungo, na kasoro ipo pale mwendo unapoingia upande mmoja wa kiungo na kuchelewa kutoka upande wa pili. Anayeishika kanuni hii hahitaji vifaa vya gharama, kwani jeki, stendi, mtaimbo, taa, chaki, futi ya chuma na mtu wa kumsaidia vinatosha kuitambua sehemu kubwa ya matatizo yatakayotajwa hapa.

Ili uchunguzi ueleweke, yafaa kwanza kuijua njia hiyo ya mwendo. Chini ya usukani kuna shafti yenye viungo vya msalaba, ambayo huingia katika boksi ya usukani iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi. Ndani ya boksi hiyo mzunguko hupunguzwa na kuongezewa nguvu kwa msaada wa mafuta ya haidroliki, kisha hutoka kupitia mkono mfupi unaoning'inia, uitwao pitimani, ambao ukienda mbele na nyuma husukuma fimbo iitwayo dragi linki. Dragi linki hugeuza gurudumu la upande wa dereva, na gurudumu hilo huligeuza la pili kwa njia ya tairodi, fimbo inayokatiza kutoka upande mmoja wa ekseli hadi mwingine. Kila ncha ya fimbo hizi ina kichwa chenye gololi inayocheza ndani ya kikombe chake. Magurudumu yenyewe hubebwa na stabu ekseli, yaani kipande cha chuma kinachogeuka juu ya kingipini, pini nene ya wima iliyopenya jicho la ekseli na kushikwa na bushi juu na chini, huku uzito ukibebwa na beringi bapa iliyo chini ya jicho hilo. Ekseli nzima nayo huning'inizwa kwenye chesisi kwa springi za majani, ambazo katika malori mengi upande wa mbele zimeshikwa kwa pini na upande wa nyuma kwa shakeli, kiungo kinachobembea ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapobonyea.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza, na ifanywe na fundi mwenyewe akiwa ndani ya kabini, kwa sababu maelezo ya dereva, hata akiwa mkweli, mara nyingi hutaja ukubwa wa sauti na kusahau wakati wake. Mlio mmoja mzito wa kugonga unaosikika breki zinapokamatwa na kurudi tena gari linapoondoka huelekeza kwenye ekseli inayosogea mbele na nyuma, yaani pini za springi, bushi zake, shakeli au yu-bolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zilizolegea. Mfululizo wa milio midogo ya kugonga katika barabara yenye mashimo, gari likiwa katika mwendo wa taratibu, mara nyingi hutoka kwenye bushi za shokapu au kwenye kingipini. Mlio wa kugonga unaosikika usukani ukigeuzwa gari likiwa limesimama hutoka ndani ya mnyororo wa usukani au kwenye bolti zinazoishikilia boksi. Ipo pia sauti inayodanganya sana katika malori ya kabini inayoinuka: raba za kabini na komeo lake la nyuma zikichakaa, kabini huinuka na kushuka kwa mshindo unaofanana kabisa na wa ekseli, na wapo waliokwishabadilisha kingipini zilizokuwa nzima kwa sababu ya raba hizo. Jibu lake ni jepesi, kwani mtu akisimama chini na kuitikisa kabini kwa nguvu, huku mwingine ameweka mkono kwenye komeo, sauti itajitambulisha.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha kazi yote, nayo ni kutikisa usukani lori likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Lori liegeshwe mahali tambarare, breki ya kuegesha ishikwe, magurudumu ya nyuma yawekewe vigingi, na injini iwashwe ili haidroliki ifanye kazi. Msaidizi hukaa kwenye kiti na kuupeleka usukani kulia na kushoto kwa umbali mfupi, kiasi cha robo ya mzunguko, bila kupumzika na bila kuharakisha. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuinua ekseli kwa jeki kwanza, kwa kuwa gurudumu lililo hewani hugeuka bila ukinzani, viungo havilemewi, na ulegevu ambao mafundi huuita plei hujificha. Tairi likiwa limekanyaga chini, hasa lori likiwa na mzigo, kila gololi iliyolika husogea ndani ya kikombe chake kabla haijasukuma kitu.

Fundi huanzia juu na kushuka. Hutazama kwanza viungo vya msalaba vya shafti, kisha huangalia kama shafti inayoingia katika boksi inageuka muda mrefu kabla pitimani haijaanza kusogea, jambo linaloonyesha ulegevu ndani ya boksi yenyewe. Baada ya hapo huweka kiganja juu ya maungio kati ya boksi na chesisi, kwa kuwa boksi iliyolegea bolti husogea yote kwa pamoja na jicho linaweza lisione, ila mkono huhisi. Halafu huja nati ya pitimani, vichwa viwili vya dragi linki, na mwishowe vichwa vya tairodi. Njia nzuri ni kuchora mstari wa chaki unaokatiza viungo viwili vilivyokaribiana, kwani mstari huo ukikatika na kuungana kila usukani unapotikiswa, hapana haja ya ubishi. Kichwa chenye gololi kinachosogea juu na chini kikibanwa kwa mkono mtupu kimekwisha na hakina matengenezo. Vidole visiingizwe kati ya kiungo na ekseli wakati usukani unatikiswa, kwa sababu nguvu ya haidroliki haimtambui fundi.

Mtikiso huo ukikamilika ndipo jeki huchukua nafasi yake. Ardhi ya yadi nyingi za Kurasini ni mchanga au kifusi kisichoshindiliwa, kwa hiyo jeki iwekewe ubao mnene na mpana chini yake, na ekseli ikishainuliwa ikalishwe juu ya stendi. Kazi ya kuingia chini ya lori lililoshikwa na jeki peke yake imekatisha maisha ya vijana wengi wa gereji, na hakuna haraka ya meli wala ya mteja inayoihalalisha. Gurudumu likiwa hewani, fundi hulishika juu na chini na kulitikisa, au hutia mtaimbo chini ya tairi na kuunyanyua. Likicheza, msaidizi huombwa akanyage breki na kuendelea kuikanyaga. Breki hufunga habu na stabu ekseli kuwa kitu kimoja, hivyo plei ikitoweka, chanzo ni beringi za gurudumu, na ikibaki ileile, chanzo ni kingipini na bushi zake. Kipimo hiki kidogo huokoa siku nzima ya kazi, kwa sababu beringi hukazwa au hubadilishwa kwa saa chache, ilhali kingipini ni kazi ya kufumua upande wote. Mwendo wa kupanda na kushuka kati ya stabu ekseli na jicho la ekseli, mtaimbo unapounyanyua uzito wa gurudumu, nao huonyesha kuwa beringi bapa au pete zake za kujazia nafasi zimelika.

Matengenezo ya kingipini yanastahili maelezo marefu kuliko mengine, kwa kuwa ndiyo yanayofanywa vibaya zaidi. Pini ya zamani hutolewa kwa presi, na pale isipopatikana hutolewa kwa nyundo na subira. Kupasha moto jicho la ekseli ili pini itoke hudhoofisha chuma kilichotiwa ugumu kiwandani. Baada ya pini kutoka, jicho lenyewe lipimwe, maana pini iliyocheza muda mrefu hulipanua jicho, na pini mpya ikiwekwa katika jicho lililopanuka italegea kabla lori halijarudi kutoka Zambia. Wapo wanaoziba nafasi hiyo kwa kipande cha bati kilichokatwa kwenye kopo na kuviringishwa kuizunguka pini. Bati hilo husagika, vumbi lake huingia katika bushi, na kasoro hurudi ikiwa kubwa kuliko mwanzo. Dawa ya jicho lililopanuka ni kulichonga na kulitia ala ya chuma kwa fundi wa kukereza mwenye mashine inayolishika sawasawa, au kubadilisha ekseli.

Bushi mpya za shaba zikishapigwa mahali pake huwa zimebana kidogo kuliko pini, na ni lazima zisawazishwe kwa rima, yaani chombo cha kupanulia tundu taratibu kwa kulizungusha, tena rima ndefu inayopita bushi ya juu na ya chini kwa pamoja ili zikae katika mstari mmoja. Anayezisugua kwa msasa, moja moja, hupata bushi mbili ambazo kila moja ni nzuri peke yake na zote kwa pamoja zinaikaba pini. Matundu ya grisi ya bushi yaelekezwe kwenye nipo zake, yaani vichwa vya kuingizia grisi, kabla ya kupigwa, kwani kusahau hilo ni kosa ambalo haligunduliki mpaka grisi ikatae kuingia. Kazi ikimalizika, stabu ekseli igeuke kwa mkono bila kukwama na bila kucheza, ndipo dragi linki na tairodi zirudishwe.

Grisi nayo ina utaratibu wake. Hupigwa mpaka ile ya zamani, nyeusi na yenye mchanga, itoke yote na mpya ianze kuonekana kwenye kingo za bushi, na mahali ambapo grisi haitoki hapajapata grisi hata kama bomba limesukumwa mara nyingi. Watengenezaji hawakubaliani kama kingipini ipigwe grisi magurudumu yakiwa chini au yakiwa hewani, kwa sababu maumbo ya beringi bapa hutofautiana. Mwongozo wa ekseli husika ndio ufuatwe, na usipopatikana, si vibaya kupiga kwa njia zote mbili. Lori lililokaa foleni wiki nzima katika hewa ya bahari lipigwe grisi kabla ya safari, si baada yake.

Kwa upande wa springi, fundi atafute vumbi jekundu la kutu na sehemu za chuma zinazong'aa, kwani viwili hivyo huonyesha mahali vyuma vinaposuguana. Yu-bolti zikilegea, mzigo wote wa kuishika ekseli hubaki kwa senta bolti, bolti moja inayopita katikati ya majani ya springi, nayo haikuundwa kwa kazi hiyo na hukatika. Ikikatika, ekseli husogea upande mmoja na lori huanza kuvuta huko. Kipimo chake ni futi: umbali kutoka kitovu cha pini ya mbele ya springi hadi katikati ya ekseli upimwe kulia na kushoto, na tofauti ikionekana, hapana sababu ya kuigusa tairodi kabla ekseli haijarudishwa mahali pake. Yu-bolti za zamani zisirudishwe, kwa kuwa zikishavutwa mara moja hurefuka.

Kuna kipande kimoja kidogo ambacho husababisha mayumbo mengi yasiyoeleweka, nacho ni kabari, bamba la chuma lenye upande mnene na upande mwembamba linalowekwa katika baadhi ya malori kati ya springi na ekseli. Kazi yake ni kuiinamisha kingipini ili kichwa chake kielekee nyuma kidogo, mwinamo uitwao kasta, ambao ndio unaoyafanya magurudumu yatake kurudi katika mwelekeo wa moja kwa moja yenyewe. Pale springi inapokuwa juu ya ekseli, upande mnene wa kabari hukaa nyuma. Springi zikifumuliwa na kabari ikarudishwa kinyume, au ikatupwa kwa kudhaniwa kuwa ni bamba la kujazia tu, kingipini husimama wima au kuinamia mbele, na lori ambalo viungo vyake vyote ni vipya hutangatanga kwenye lami. Kwa hiyo dereva anaposema kuwa mayumbo yalianza baada ya springi kutengenezwa, asidharauliwe. Swali la kwanza liwe juu ya kabari.

Mayumbo hayatokani na ulegevu peke yake, na hili ni jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Usukani unaokaza hufanya gari liyumbe vilevile, kwa sababu magurudumu yakishageuzwa kidogo hayarudi yenyewe, dereva huyarudisha kwa mkono, huzidisha, na kuyarudisha tena. Kingipini kavu na bushi zilizokaba huleta hali hiyo, na boksi ya usukani iliyokazwa kupita kiasi huileta pia. Juu ya boksi nyingi ipo skrubu ya kurekebisha yenye nati ya kuifunga, na kishawishi cha kuikaza ili kuiondoa plei ni kikubwa kwa sababu ni kazi ya dakika chache. Skrubu hiyo ihusishwe mwisho kabisa, baada ya viungo vyote vya nje kuthibitishwa kuwa vizima, magurudumu yakiwa yamenyooka, na kwa kiasi kilichoelekezwa na mtengenezaji. Boksi iliyokazwa ili kuficha ulegevu wa dragi linki huharibika yenyewe na kuiacha dragi linki ileile.

Tairi za mbele ziwe za aina moja, zenye upepo uliopimwa kwa geji. Kiganja kikipitishwa juu ya uso wa tairi, kikateleza kuelekea upande mmoja na kukwaruzwa kikirudi, magurudumu hayaelekei sawa. Mzigo nao huchangia: kontena lililopakiwa uzito nyuma huipunguzia ekseli ya mbele uzito, na usukani huwa mwepesi na usioshika barabara, wakati mzigo uliosogezwa mbele mno huvunja springi na kuipitisha ekseli hiyo tani 8 zinazoruhusiwa na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, jambo litakalogunduliwa kwenye mizani ya Vigwaza. Ekseli ya nyuma isiyokaa sawa, kwa sababu ya bushi za fimbo zake zilizokwisha, hulifanya lori litembee kimshazari kama kaa, na hakuna marekebisho ya mbele yatakayoliponya. Kuvuta kidogo kushoto, kwa upande mwingine, kusihesabiwe kuwa kasoro, maana barabara zimeinamishwa ukingoni ili maji yatoke, na Tanzania magari hupita kushoto.

Juu ya uchomeleaji hapana mjadala. Tairodi, dragi linki, pitimani na stabu ekseli havichomelewi, havipashwi moto ili kunyooshwa, na pini zake za kufungia nati hazibadilishwi kwa kipande cha waya. Kifaa kilichopinda au kupasuka hutupwa, na ni vyema kikatwe kabla ya kutupwa, maana kikiachwa kizima kitaokotwa, kitapakwa rangi na kuuzwa, na mnunuzi wake atakuwa anateremka Kitonga na tani zaidi ya hamsini nyuma yake.

Baada ya matengenezo, uelekeo wa magurudumu hupimwa upya, kwa kuwa kila kifaa kilichobadilishwa huuhamisha. Umbali kati ya magurudumu mawili ya mbele, kwenye kimo cha habu, hupimwa mbele na nyuma ya tairi, na kwa malori mengi sehemu ya mbele hutakiwa kuwa ndogo kwa milimita chache tu, kiasi ambacho mwongozo wa gari hukitaja; vipimo hivi vichukuliwe lori likiwa limeshuka kutoka kwenye jeki na kusogezwa mbele mita kadhaa ili springi na tairi zikae. Majaribio ya kwanza yafanywe bila mzigo asubuhi na mapema, kabla Barabara ya Kilwa haijajaa, mara moja kwa breki za ghafla na mara moja kwa mwendo wa kawaida usukani ukiwa umeshikwa kwa wepesi. Yu-bolti mpya hulegea kidogo zikishabeba mzigo, hivyo zikazwe tena kwa spana ya kipimo baada ya kilomita za mwanzo, na kwa lori linalotoka Kurasini mahali pa kufanya hivyo ni Morogoro, kabla ya kuingia Mikumi.